Uzi wa dada kwenye mkono wa kaka

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Rwamgasa, mkoani Geita, mchimbaji anayeshuka kwa kamba kwenye duara hujua kwanza nani amebaki juu. Hata awe hodari kiasi gani wa nyundo na tindo, akishafika chini uhai wake unamtegemea aliyeko juu. Kazi hiyo hapewi mtu asiyeaminika.

Wahindu wana sikukuu inayofundisha watoto jambo linalofanana na hilo, ila kwao kamba ni uzi mwembamba na anayeufunga ni dada. Inaitwa Raksha Bandhan, yaani fundo la ulinzi.

Huadhimishwa siku ya mwezi mpevu katika mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, ambao kwa kawaida huangukia Agosti. Kwa kuwa hufuata mwezi, tarehe yake hubadilika. Mwaka 2024 ilikuwa Agosti 19, na mwaka 2025 ikawa Agosti 9.

Hapa Tanzania huadhimishwa na familia za Kihindu katika miji kama Dar es Salaam na Mwanza. Nyingi zina asili ya Gujarat, magharibi mwa India. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanazikumbuka kwa maduka na viwanda vya kuchambua pamba. Ieleweke tu kwamba si kila Mhindi ni Mhindu. Wapo Waismailia, Mabohora, Masingasinga na Wakristo pia.

Siku yenyewe ilivyo

Dada huandaa sinia lenye taa ndogo, unga mwekundu, punje za mchele na vitu vitamu. Humpaka kaka yake alama kwenye paji la uso, huzungusha taa mbele yake, kisha humfunga uzi kwenye mkono wa kulia na kumlisha kitu kitamu. Uzi huo huitwa rakhi. Kaka naye hutoa zawadi au fedha na kuahidi kumlinda dada yake.

Dada aliye mbali huutuma uzi kwa posta. Asiye na kaka wa kuzaliwa humfunga binamu au rafiki wa familia, na tangu hapo huyo ni kaka.

Siku hiyohiyo, wanaume wengi wa tabaka la Brahmin hubadilisha uzi mtakatifu wanaouvaa begani kupita kifuani. Wavuvi wa pwani ya magharibi ya India nao hutoa nazi baharini.

Hadithi wanazosimuliwa watoto

Inayopendwa sana ni ya Krishna na Draupadi. Krishna alijikata kidole, damu ikachuruzika. Draupadi hakungoja kutumwa. Alichana kipande cha sari yake akamfunga jeraha, na Krishna akaahidi kumlipa. Baadaye maadui walitaka kumvua Draupadi nguo mbele ya watu. Kila walipoivuta sari, Krishna aliirefusha. Walivuta hadi wakachoka, naye akabaki amesitirika.

Nyingine ni ya Yama, mungu wa mauti, ambaye hakumtembelea dada yake Yamuna kwa miaka 12. Alipofika hatimaye, dada hakumgombeza. Alimpikia, akamfunga uzi. Yama aliguswa sana hata akampa dada yake uhai usio na mwisho.

Uzi huo umewahi kuvuka mipaka ya dini. Mwaka 1905, Waingereza walipoligawa jimbo la Bengal, mshairi Rabindranath Tagore aliwahimiza Wahindu na Waislamu wafungane rakhi kuonyesha kwamba wao ni ndugu.

Deni la kaka

Mzazi wa Rwamgasa, Kahama au Shinyanga hahitaji kuhama dini yake ili ajifunze hapa. Kiswahili cha zamani kina neno umbu, ambalo dada humwita kaka na kaka humwita dada. Neno ni moja kwa sababu wajibu ni wa pande zote mbili.

Wasukuma nao wanajua deni hili. Katika familia nyingi, ng'ombe wa mahari ya dada ndio waliomwezesha kaka kuoa. Kwa hiyo kaka anayempuuza dada yake amesahau mji wake ulijengwa na nani.

Hata hivyo, ahadi ya ulinzi ina mtego wake. Kuna vijana wanaodhani kumlinda dada ni kumchunga: kukagua simu yake, kumkataza marafiki, hata kumpiga. Krishna hakumpangia Draupadi maisha. Alimsitiri alipodhalilishwa. Mtoto wa kiume afundishwe tofauti hiyo angali mdogo.

Mafunzo yenyewe huanzia nyumbani. Kaka ashike ndoo na ufagio, ili dada naye apate muda wa daftari. Fedha zikipungua, asiwe binti wa kwanza kutolewa shule akaponde mawe au akaoshe mchanga wa dhahabu kwenye mialo. Na wakigombana, mzazi asiharakishe kuwa hakimu. Awape nafasi ya kuombana radhi wenyewe.

Kwa walio na vijana machimboni, somo la Yama linawahusu zaidi. Kijana huondoka akisema atarudi akipata, na miaka inakwenda. Anaona aibu kurudi mikono mitupu, hata simu hapigi. Mzazi anaweza kumwambia mapema, kabla hajabeba begi, kwamba nyumbani hawasubiri dhahabu peke yake. Dada anataka kusikia sauti yake.

Na dada naye asingoje kupigiwa. Katika hadithi zote mbili, aliyeanza kufunga ni yeye.