Chombo kilichotobolewa na bahari iliyotupiwa sumu

 

Katika Suratul Kahf, sura ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, kimetajwa kisa cha mja mwema, ambaye wanazuoni wengi wamesema ni Khidhr, aliyekitoboa chombo cha maskini waliokuwa wakichuma riziki yao baharini. Nabii Musa (A.S.) alishtuka na kumlaumu. Baadaye akaelezwa kwamba alikuwapo mfalme aliyekuwa akipora kila chombo, na kwamba kasoro ile ndiyo iliyowaokolea maskini mali yao. Tundu lilikuwa la kuzibika, na faida ilikuwa ya wenye chombo.

Maziwa yetu nayo yamewahi kuona vyombo vikizamishwa ili visichukuliwe. Julai 1916, Waingereza walipouteka mji wa Mwanza, Wajerumani waliizamisha meli yao ndogo, Muansa, isiangukie mikononi mwa adui. Siku chache baadaye, tarehe 26 Julai, meli Graf von Götzen ilizamishwa katika Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi walioizamisha waliipaka kwanza mitambo yake grisi nzito isije ikaliwa na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa Kigoma na mizigo yao kwa miongo mingi. Sisemi kwamba mafundi wale walikuwa mawalii. Walikuwa watu wa vita, na nchi waliyoipigania haikuwa yao. Lakini walichokizamisha kilijulikana kilipo, na kilizamishwa kwa nia ya kurudishwa.

Yaliyotendeka baada ya Vita Kuu ya Pili ni mambo mengine kabisa. Kati ya Novemba 1945 na Februari 1946, Waingereza walizamisha karibu na Ireland nyambizi 116 za Kijerumani zilizosalimu amri, na nyingi zilizama njiani kabla ya kufika mahali palipopangwa. Zito kuliko hilo ni mabomu. Katika Bahari ya Baltiki zilitupwa takriban tani 40,000 za silaha za sumu, na katika mlangobahari wa Skagerrak, baina ya Norway na Denmark, meli nzima zilipakiwa mabomu ya gesi zikazamishwa pamoja na shehena yake. Washindi walikuwa na haraka, na bahari haikudai malipo. Wavuvi wa kisiwa cha Bornholm, ambao wengi wao hawakuwa hata wamezaliwa vita vikipiganwa, wameopoa kwa nyavu zao mabonge ya gesi ya haradali, na baadhi yao wameungua ngozi.

Hata Uswisi, nchi isiyoshiriki vita vile, jeshi lake lilitupa maelfu ya tani za risasi na mabomu katika maziwa ya Thun, Brienz na Lucerne, na desturi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1960. Mwaka 2024 serikali yake ilitangaza shindano lenye zawadi ya faranga 50,000 kwa watakaotoa rai bora ya namna ya kuyatoa. Tajiri huyo akauliza njia! Ziwa la Thun lina kina cha zaidi ya mita 200, ilhali Ziwa Victoria lina wastani wa mita 40 tu.

Mkataba wa kimataifa wa silaha za kemikali wa mwaka 1993 hauilazimishi dola kutangaza silaha ilizozitupa baharini kabla ya mwaka 1985. Sheria ya wanadamu imeona hivyo. Katika fiqhi yetu, mwenye kudhuru huwajibika kuondoa dhara, wala dhima yake haifutiki kwa kuwa alichokitupa hakionekani tena.

Basi tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu baadhi yetu walikuwa wakivua kwa sumu. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu walioshiriki merikebu moja, walio chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu; wakiachwa, wote huangamia. Huko ndiko kutoboa kusikokuwa kwa Khidhr. Mvuvi wa dagaa wa Nyegezi anayeitupa majini betri ya taa yake iliyokufa, na fundi anayemwaga oili chafu kando ya mwalo, wanatoboa upande wao, na jirani yao pale Butimba ndipo mji unapochota maji ya kunywa.

Makhatibu wa misikiti ya Nyegezi wanaweza kulisema hili juu ya mimbari, wakishirikiana na vikundi vya wavuvi vya ulinzi wa ziwa. Pipa la kukusanyia betri mwaloni, lenye mfuniko na mtu wa kulisimamia, laweza kununuliwa kwa mchango wa Ijumaa moja.