Mtoto Anaponyonya, Baba Yuko Wapi?



Tunapozungumza juu ya vishawishi vya mwili, mara nyingi macho yetu huwaelekea vijana. Tunawaitia semina, tunawaonya juu ya ngoma za usiku na marafiki wabaya, kisha sisi wenye ndoa tunarudi nyumbani tukidhani kwamba maneno hayo hayatuhusu. Safari hii tunaomba vijana wapumzike kidogo. Tunataka kusema na baba na mama wenye mtoto anayenyonya, kwa sababu ziko ndoa zinazobomoka kimya kimya katika mwaka ule ule ambao ukoo mzima unamshukuru Mungu kwa kujaliwa mtoto.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Msimbu, Kisarawe. Ni mfano tu, lakini wengi wataitambua nyumba hiyo. Mke amepata mtoto wa kwanza, naye amekwenda kujifungulia kwa mama yake. Arobaini imekwisha, mwezi wa tatu umeingia, bado yuko kwao. Hata atakaporudi, bibi amekwisha mwonya: "Mjukuu wangu, usilale na mumeo mpaka mtoto atembee. Utambemenda." Mume analima mihogo, na mara kwa mara anapeleka mzigo Dar es Salaam. Huko hulala siku mbili tatu akingoja kulipwa. Mfukoni ana fedha kidogo, moyoni ana upweke, na jioni ni ndefu. Hapo ndipo kishawishi kinapobisha hodi.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba wakubwa nyumbani wanajua, nao wananyamaza. Wanasema, "Ndivyo wanaume walivyo, mtoto akikua atatulia." Sisi tunasema hapana. Mume huyu ameachwa peke yake na kishawishi, mke ameachwa peke yake na hofu, na atakayelipa ni mtoto.

KUBEMENDA NI NINI?

Wazee wetu wengi wa Pwani waliamini kwamba baba na mama wakikutana kimwili wakati mtoto ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hubemendwa. Hukonda, huharisha, miguu hulegea, na huchelewa kutembea.

Tusiwacheke. Mwiko huo ulikuwa na faida zake. Ulimpa mama nafasi ya kupona, na ulimwezesha mtoto kunyonya vya kutosha kabla mdogo wake hajaja. Hata leo wataalamu wa afya wanashauri kwamba mama asishike mimba nyingine mpaka mtoto atimize angalau miaka 2.

Lakini ni lazima tuseme ukweli juu ya mwili. Mbegu za mume haziingii katika maziwa ya mama. Maziwa hutengenezwa ndani ya matiti kutokana na virutubisho vinavyoletwa na damu, wala njia ya uzazi haikutani na njia ya maziwa. Mtoto akikonda, ipo sababu ya kutafutwa: hapati chakula cha kutosha, au ameachishwa ziwa mapema, au anaharisha, au ana malaria, minyoo, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI.

Ubaya wa neno "amebemendwa" ni kwamba linafunga mlango wa zahanati. Mtoto mwenye nyongea au unyafuzi anafichwa ndani, kwa maana mama yake anaogopa kusemwa kliniki na kisimani. Wiki zinapita. Mtoto ambaye angeweza kupona kwa chakula na dawa anakufa kwa sababu ya aibu ya wakubwa.

UPO UBEMENDAJI WA KWELI

Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba wazee walikosea kabisa. Walisema kwamba baba akitoka nje ya ndoa, mtoto huumia. Waliona moshi, ila moto ulikuwa mahali pengine.

Katika nchi yetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo tumejifunza jinsi virusi vinavyopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto: wakati wa mimba, wakati wa kujifungua, na katika maziwa. Pasipokuwa na kinga yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, watoto 15 mpaka 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Sasa tutazame nyumba yetu ya mfano. Mke alipimwa alipokuwa mjamzito, akaambiwa hana virusi. Jibu lile lilikuwa la kweli kwa siku ile. Miezi sita baadaye mume anarudi na virusi kutoka safarini, naye hajijui. Anamwambukiza mke wake. Mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi sana mwilini, hata katika maziwa, na kwa kuwa hakuna anayejua, hakuna anayemeza dawa. Basi mtoto ananyonya virusi hivyo kila siku mikononi mwa mama yake mpendwa. Ndugu, huko ndiko kumbemenda mtoto kwa kweli.

Na hata pasipokuwa na virusi, iko hasara nyingine. Fedha za mayai, za dagaa, za sabuni na za chandarua zinakwenda kwenye nyumba ndogo. Mtoto anakonda, halafu tunatafuta mchawi.

MUME NA MKE WARUDIANE LINI?

Wengi wanaona aibu kuuliza, kwa hiyo tunajibu wazi. Kwa kawaida mume na mke wanaweza kukutana tena baada ya wiki 6 hivi, damu ikiwa imekatika, majeraha yamepona, na mama mwenyewe yuko tayari. Aliyefanyiwa upasuaji au aliyechanika amwulize muuguzi kwanza. Na mume asidai kwa nguvu. Mwanamke anayeamka usiku mara tatu kunyonyesha amechoka kweli, na uchovu huo si chuki.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hili katika waraka wake wa kwanza, sura ya 7. Anawataka wenye ndoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana wote wawili, kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali. Kisha warudiane, Shetani asije akapata nafasi. Tuangalie vizuri: kujizuia ni kwema, lakini kuwe na mapatano, na kuwe na mwisho. Miaka miwili ya kutengana kwa amri ya bibi, bila mume na mke kuzungumza, haina mapatano wala mwisho.

"Je, mimba?" Swali zuri. Mama ambaye hajaanza tena kupata siku zake, anayemnyonyesha mtoto maziwa yake tu usiku na mchana bila uji wala maji, na ambaye mtoto wake hajafikisha miezi 6, ana nafasi ndogo sana ya kushika mimba: chini ya wanawake 2 kati ya 100. Moja ya masharti hayo matatu likivunjika, kinga hiyo haipo tena. Hapo mume na mke wajifunze kuzitambua siku za rutuba kwa kuangalia ute wa mama, njia iliyoenezwa na madaktari John na Evelyn Billings wa Australia. Ni njia inayokubaliana na mafundisho ya Papa Paulo VI katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968. Inataka mafundisho mazuri na mume anayeshirikiana, haifuatwi na mke peke yake.

KISHAWISHI HUSHINDWA MAPEMA

Bado zitakuwapo siku za kujizuia: arobaini yenyewe, siku za rutuba, siku za ugonjwa, siku za safari. Hapa Mkristo anahitaji neema, na anahitaji pia akili. Mfalme Daudi hakuanguka kwa ghafla. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, kinaeleza kwamba jeshi lake lilikuwa vitani, yeye amebaki mjini, akaamka jioni akawa anatembea juu ya dari. Yusufu naye, katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 39, hakukaa kubishana na mke wa Potifa. Aliacha vazi lake mkononi mwa yule mwanamke, akakimbia. Anayengoja mpaka mlango umefungwa na taa imezimwa ndipo aanze kupigana, amechelewa.

Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Safari iwe na siku ya kurudi, na mke aijue. Ukilala mjini, lala kwa ndugu kuliko gesti.

2. Fedha za mzigo zihesabiwe na wawili. Fedha isiyojulikana nyumbani hutafuta kazi yake yenyewe.

3. Pombe ipunguzwe, au iachwe kabisa safarini. Pombe hulegeza akili inayosema "hapana" kabla haijalegeza miguu.

4. Kama kuna ujumbe katika simu usioweza kumwonyesha mwenzako, ufute na mazungumzo hayo yaishe leo. Hili tunawaambia na kina mama pia, maana upweke haumpati mwanaume peke yake.

5. Mke akiwa kwao, mume aende kumtazama, ambebe mtoto, amwogeshe. Baba anayemjua mtoto wake kwa mikono yake huona njia ya nyumbani kuwa fupi. Arobaini ikiisha, wazazi wamruhusu binti yao arudi kwa mumewe.

6. Wasali pamoja kabla ya kulala, kama Tobia na Sara. Watu waliosali pamoja usiku hupata urahisi wa kuambiana asubuhi, "Nina shida."

KWA ALIYEKWISHA KUANGUKA

Huenda baba mmoja anasoma ukurasa huu huku moyo unamdunda. Kwako ndugu yetu tunasema: usikate tamaa, na usinyamaze. Nenda kwenye kitubio. Padre hawezi kutoa siri yako. Lakini kumbuka kwamba kitubio huondoa dhambi, hakiondoi virusi. Kwa hiyo nenda na kituoni ukapime. Kama hazijapita saa 72, mweleze mganga mara moja, kwani zipo dawa za kuzuia virusi zinazopaswa kuanzwa ndani ya muda huo. Mpaka upate majibu ya uhakika, usimkaribie mkeo. Ni vigumu kumweleza sababu, tunajua. Kumzika mtoto ni vigumu zaidi.

Mama naye, ukiwa na wasiwasi, omba kupimwa tena hata kama ulipimwa wakati wa mimba. Ukikutwa na virusi, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Utaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo au mapema iwezekanavyo, na mtoto atapimwa na kupewa dawa zake. Tangu mwaka 2004 dawa hizi zinatolewa bure nchini kwetu. Anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Kwa mtoto anayenyonya hatari hupungua sana, ila haimaliziki kabisa, hivyo mfuate ratiba yote ya kliniki.

Tunawaomba kina bibi, makungwi na wakunga: endeleeni kuwafundisha mabinti zetu kupumzika baada ya uzazi, lakini msiwatishe kwa jambo lisilo la kweli. Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo: mtoto anapobatizwa, wanaume wawili watu wazima wakae na baba kijana, wamwulize anaishije. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Mtoto anaponyonya, baba asiwe mgeni nyumbani kwake. Mtoto anahitaji ziwa la mama, na anahitaji pia uaminifu wa baba. Vyote viwili ni chakula chake.