Ulinzi wa Kompyuta Uanzie Nyumbani

Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji, huanzia katika milima ya Uluguru. Anayechafua kijito huko juu huwadhuru watu asiowajua.

Ndivyo ilivyo kompyuta ya nyumbani kwa mwalimu wa Morogoro. Mchana mtoto hupakua humo michezo ya bure kutoka tovuti asizozijua. Usiku mzazi huandika humo alama za wanafunzi, na asubuhi huzipeleka shuleni kwa flashi. Kirusi nacho husafiri humo humo.

Mwezi Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zipatazo 150, na wenye mafaili wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Kinga yake Microsoft ilikwisha kuitoa tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wameipokea.

Ulinzi basi ni nidhamu kabla ya kuwa fedha. Hatuna budi kupokea marekebisho ya programu kila yatolewapo, kumpa mtoto akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu, kukataa programu za wizi, na kuhifadhi nakala za kazi mahali pengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humwadhibu mhalifu. Haimrudishii mwalimu alama zilizopotea. Wajibu huo ni wa mzazi.