Nasaba iliyonunuliwa mtu mmoja mmoja

Mwaka 1817, katika kaunti ya Pulaski, jimbo la Kentucky, mtumwa mmoja mkulima aitwaye Frank alitoa dola 800 alizozichuma usiku na siku za mapumziko. Angeweza kuanza na nafsi yake. Badala yake alimnunua mkewe, Lucy, aliyekuwa mali ya bwana mwingine, na yeye akabaki utumwani. Sheria ya wakati ule ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, na Lucy alikuwa mjamzito. Mwaka huohuo akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Squire. Huyo ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Waliomtangulia tumboni mwa mama huyohuyo walibaki watumwa. Frank alijinunua mwaka 1819, kwa dola 800 nyingine.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia Illinois, na kazi yangu ni kutunza nyaraka za zamani na kuwasaidia watu wanaotafuta nasaba zao. Wengi wanaokuja ni wastaafu. Huja na mafaili mazito, picha za makaburi na nakala za kurasa za Biblia ya familia zilizoandikwa vizazi na vifo, na swali lao kubwa ni moja: babu yetu wa kwanza alifika hapa lini, na shamba lake lilikuwa wapi? Naiheshimu sana shauku hiyo. Mtu anayetaka kujua bibi wa bibi yake alizaliwa wapi ni mtu mwenye adabu kwa waliomtangulia. Lakini nina msimamo wangu, na nausema hapa wazi: nikiulizwa ni familia ipi ya walowezi wakulima wafundishwe kwanza watoto wa jimbo hili, nitaitaja ya Frank kabla ya ile ya Abraham Lincoln.

Tuanze na Lincoln, kwa kuwa ndiye anayejulikana. Babu yake, aliyeitwa Abraham vilevile, aliuza shamba Virginia akavuka milima kwenda Kentucky, na mwaka 1786 aliuawa na Wahindi Wekundu akiwa shambani. Mali yote ilikwenda kwa mtoto wa kwanza, ndivyo sheria ya urithi ilivyokuwa, na Thomas, yule mdogo ambaye ndiye baba wa Rais Lincoln, akakua akifanya vibarua. Thomas baadaye alinunua mashamba Kentucky, akayapoteza au kuyaacha kwa migogoro ya hati. Huko mipaka ilipimwa kwa kufuata mti fulani, jiwe fulani na kona ya kijito, kwa hiyo madai ya watu watatu yaliweza kulala juu ya ekari zilezile. Mwaka 1816 alihamia Indiana, na mwaka 1830 akaingia Illinois. Rais Lincoln mwenyewe hakuujua ukoo wake kwa undani. Watafiti ndio waliokuja kuufuatilia hadi kwa Samuel Lincoln, aliyefika Massachusetts mwaka 1637 kutoka Hingham, Uingereza. Upande wa mama yake, Nancy Hanks, ubishi ulidumu zaidi ya karne nzima.

Hata hivyo, ubishi huo ni juu ya watu wenye majina. Kila mwanamume katika mnyororo wa akina Lincoln ameacha saini, hati au wosia mahali fulani, na karani wa mahakama aliandika jina lake kwa sababu sheria ilimtambua kuwa mtu.

Sasa fungua sensa. Tangu ile ya kwanza ya mwaka 1790 hadi ya 1840, karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote ni hesabu tupu kwenye safu: wanaume wazungu wa umri huu, wanawake wa umri ule, watumwa kadhaa. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina lake. Watumwa waliwekwa kwenye daftari lao la pembeni, na ukurasa wa daftari hilo haukutoki akilini ukishauona. Kushoto jina la mwenye mali. Chini yake mistari: mwanamke, miaka 34, mweusi, mvulana, miaka 9, chotara, msichana, mwaka 1. Jina hakuna. Daftari la 1860 ni hivyohivyo. Kwa mamilioni ya Wamarekani weusi, karatasi ya kwanza ya sensa yenye jina la babu au bibi yao ni ya mwaka 1870, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Kabla ya hapo mtafutaji hulazimika kumtafuta bwana kwanza, kisha asome orodha za mirathi ya bwana huyo. Humo majina yapo, na kila jina lina thamani yake kwa dola, likifuatana na majembe, ng'ombe na vitanda.

Nimeona watu wazima wakilia mbele ya orodha hizo, kisha wakaomba nakala.

Ndiyo maana Frank ni hazina. Alizaliwa South Carolina mwaka 1777. Mama yake aliitwa Juda, mwanamke aliyeletwa kutoka Afrika Magharibi, na anayeaminika kuwa baba yake ni bwana wake, George McWhorter. Mwaka 1795 bwana huyo alimpeleka Kentucky kufyeka msitu na kuanzisha shamba, baadaye akamwachia alisimamie. Aliruhusiwa pia kujiajiri kwa muda wake, kwa sharti la kumlipa bwana sehemu ya pato. Vita vya Marekani na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, baruti ilihitajika sana. Frank akaanzisha kazi ya kutengeneza shura, ile chumvi ya baruti, kutokana na udongo wa mapangoni. Mchana alilima shamba la bwana, na muda wake mwenyewe ukaishia mapangoni. Dola zile 800 za mwanzo zilitoka huko.

Mwanawe mkubwa wa kiume, Frank mdogo, alitoroka utumwani akakimbilia Kanada. Mtu angedhani shida ya kijana huyo imekwisha. Haikuwa hivyo, kwani bila karatasi asingeweza kurudi kwa wazazi wake, na popote nchini Marekani angeweza kukamatwa na kurudishwa. Mwaka 1829 baba yake alitoa kiwanda chake cha shura, chanzo cha riziki alichokijenga kwa miaka mingi, akakibadilisha na uhuru wa kijana huyo. Nataka msomaji alitazame hilo vizuri. Baba alitoa mtaji wake kumnunua mtoto aliyekwisha kutoroka, ili mtoto huyo aweze kukaa meza moja na mama yake.

Mwaka uliofuata familia ikafunga safari: Frank mwenye umri wa miaka 53, Lucy mwenye miaka 59, Frank mdogo, na watoto watatu waliozaliwa huru, Squire, Commodore na Lucy Ann. Ni mwaka uleule wa 1830 ambao Thomas Lincoln alihamia Illinois. Kentucky walibaki watoto wengine, Judy, Sally na Solomon, pamoja na wajukuu, wote mali ya watu. Kila simulizi ya walowezi ninayoisoma ina mkokoteni, ng'ombe na mtoto anayeugua njiani. Ya akina Frank ina jambo lingine, nalo ni watoto walioachwa makusudi, kwa mpango wa kurudi kuwakomboa mmoja mmoja kadiri shamba litakavyozaa.

Walifika kaunti ya Pike mwaka 1831. Ardhi yenyewe, ekari 160, Frank alikuwa ameinunua kwa daktari mmoja wa Kentucky bila kuiona. Ilikuwa katika eneo kati ya mto Mississippi na mto Illinois ambalo serikali ilikuwa imelitenga kuwazawadia askari wa vita vya 1812, na wengi wao waliuza hati zao bila kukanyaga huko. Kabla ya askari, kabla ya hati, palikuwa na wenyewe. Mwaka 1832, mwaka mmoja tu baada ya akina Frank kujenga kibanda chao, Black Hawk wa kabila la Sauk alivuka Mississippi na watu wake kurudi kwenye ardhi yao, wakafukuzwa na kuuawa kwa mamia. Lincoln kijana alikuwa kapteni wa wanamgambo katika vita hivyo. Nasaba yoyote ya mlowezi inayoanzia siku ya kufika imekata ukurasa wa kwanza, na ya Frank haina msamaha katika hilo.

Illinois lilihesabiwa jimbo huru, lakini mtu mweusi aliyetaka kuishi humo alitakiwa kuonyesha cheti cha uhuru na kuweka dhamana ya dola 1,000. Hakuweza kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Ng'ambo ya Mississippi, kiasi cha maili 20 tu, ilikuwa Missouri, jimbo la watumwa, na wawindaji wa watu walivuka mto huo watakapo. Katika hali hiyo mtu mwenye jina moja tu, Free Frank, yaani Frank Huru, alikuwa na ardhi lakini hakuwa na uhakika nayo. Mwaka 1837 bunge la jimbo lilipitisha sheria mahsusi kwa ajili yake: aitwe Frank McWorter, aweze kushtaki na kushtakiwa, kununua na kuuza. Lincoln alikuwa mjumbe wa bunge hilo. Fikiria tofauti ya nasaba hizi mbili. Mmoja alirithi jina bila kutoa senti, mwenzake alilipata kwa kura ya bunge akiwa na miaka 60.

Mwaka mmoja kabla, 1836, Frank alikuwa amekwisha kufanya jambo ambalo ndilo limemweka kwenye vitabu. Alipima ekari 42 za ardhi yake, akazigawa viwanja 144, akausajili mji akauita New Philadelphia. Ndio mji wa kwanza Marekani unaojulikana kupimwa na kusajiliwa rasmi na mtu mweusi. Viwanja viliuzwa kwa weusi na weupe, wakaishi majirani. Na fedha ilikwenda wapi? Solomon alikuwa amekwisha kukombolewa mwaka 1835, kabla ya mji. Kisha wakafuata wengine, binti, wajukuu, wake wa watoto. Frank alipofariki mwaka 1854, wosia wake ulielekeza mali itumike kuwakomboa waliobaki, na wanawe wakatekeleza. Kwa jumla watu 16, yeye akiwemo, kwa gharama ya takriban dola 14,000. Lucy aliishi hadi mwaka 1870.

Kuna wanaoniambia kwamba Frank ni mtu wa pekee, na kwamba historia ya walowezi haiwezi kujengwa juu ya mtu wa pekee. Jibu langu ni kwamba Lincoln naye ni wa pekee, na hakuna aliyewahi kukataa kufundisha ukoo wake kwa sababu hiyo. Wengine husema nasaba ni ya ndugu wenyewe, umma hauhusiki. Lakini vyama vya nasaba katika majimbo mengi hutoa vyeti vya heshima kwa anayethibitisha kuwa mzazi wake wa kale alifika kabla ya mwaka fulani, na uthibitisho uliozoeleka ni sensa, hati ya shamba na cheti cha ndoa, karatasi zilezile ambazo sheria iliwanyima watumwa. Hapo ndipo ninapotaka mabadiliko. Hati ya kumuuza mtu ihesabiwe sawa na hati ya shamba. Karatasi ya dhamana ya dola 1,000 ihesabiwe. Orodha ya mirathi ya bwana, yenye jina la Hannah au la Peter na bei yake, ihesabiwe kuwa ushahidi kwamba Hannah na Peter walikuwa pale, wakafyeka ule msitu, wakalima lile shamba ambalo mjukuu wa bwana anajivunia leo.

Ofisi za kaunti nazo zina wajibu. Mara nyingi faharasa ya vitabu vya mirathi huorodhesha jina la marehemu mwenye mali na kuishia hapo. Waliotajwa ndani, waliogawiwa warithi kama mifugo, hawamo. Kuongeza majina hayo kwenye faharasa ni kazi ya mikono na macho, haihitaji uvumbuzi wowote. Mimi na wenzangu tumekuwa tukiifanya kitabu kimoja baada ya kingine, na kila ukurasa unampa mtu fulani bibi aliyekuwa hana.

Ukoo wa McWorter haukungoja ofisi. Walitunza karatasi zao vizazi kwa vizazi, na kilembwe cha Frank, mwanahistoria Juliet E. K. Walker, akazifanyia kazi na kuchapisha kitabu kuhusu maisha yake mwaka 1983. Mji wenyewe ulififia baada ya reli kupita mbali nao mwaka 1869, nyumba zikaisha, pakawa shamba. Wanaakiolojia wamefukua misingi ya nyumba, vigae na mifupa ya mifugo, na mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Marekani ikapafanya eneo la kihistoria la taifa.

Nawaambia hasa wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku, na Illinois sasa tuko wengi, wakiwemo maelfu waliotoka Kongo. Watoto wetu wanarudi nyumbani na somo la walowezi, na walimu huwaambia wachore ukoo. Wapelekeni New Philadelphia, karibu na mji wa Barry. Makaburi ya ukoo wa McWorter hayako mbali, na la Frank lina jiwe lake. Kisha mkae nao mezani muandike majina ya bibi zao na vijiji walikotoka, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka.