Picha ya Sayyid Barghash na Swali la Tarehe

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili apewapo mswada wa utendi huuliza kwanza: nani aliunakili, wapi na lini? Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yana thamani zaidi kwa mtafiti kwa kuwa yajulikana kwamba Mwalimu Sikujua aliyakusanya, na mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, apatapo picha ya kale, huibandika katika tasnifu yake bila swali lolote, kana kwamba picha hujieleza yenyewe.

Mfano mzuri ni picha ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar na mwambao, Mombasa ikiwemo, kuanzia 1870 hadi 1888. Ameketi katika joho na kilemba, pamoja na washauri wake. Kwa kutazama mavazi tu, mtu aweza kuapa kwamba ilipigwa katika kasri ya Unguja. Kumbe ni kazi ya Maull & Co., studio ya London. Jina hilo ni ushahidi. Henry Maull alishirikiana kwanza na Polyblank, na mwishoni mwa miaka ya 1870 akashirikiana na Fox; Maull & Co. ni jina la kipindi cha katikati. Barghash naye alizuru Uingereza mwaka 1875, safari iliyosimuliwa kwa Kiarabu katika kitabu cha Zahir bin Said kilichochapishwa London mwaka 1878. Jina la studio na safari vikikutanishwa, tarehe hupatikana.

Mavazi, basi, si shahidi wa mahali. Hata Sayyida Salme, dada yake Barghash kwa baba, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alipigwa picha Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao.

Je, tarehe hiyo ina faida gani? Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya Sir Bartle Frere kushindwa kumshawishi na Waingereza kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Miaka miwili baadaye aliketi mbele ya kamera ya London. Mwaka huohuo wa 1875, huku Kisauni, CMS ilianzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru, yakaitwa Frere Town. Bila tarehe, picha yaonyesha fahari ya mfalme. Kwa tarehe, yaonyesha mfalme aliye mgeni wa dola iliyomlazimisha, wakati jina la mjumbe wake likiota mizizi katika ardhi yake mwenyewe.

Wapo watakaodai kwamba kazi hii ni ya wanahistoria. Dai hilo halina mashiko, kwani anayefasiri picha bila muktadha hana tofauti na anayefasiri shairi asilojua lilitungwa lini. Kila picha katika tasnifu haina budi kutajiwa mpigaji, mahali na mwaka. Aidha, katika masanduku ya nyumba za Kisauni, Likoni na Changamwe zimo picha za kale ambazo wazee pekee ndio wawezao kuzitambulisha. Waulizwe wangali hai, na majibu yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.