NANI ANAPIMWA, MTOTO AU MFUKO WA BABA YAKE?



Kila mwisho wa mwaka, zamu ikiisha, maneno ni yale yale: "Mtoto wangu ana mtihani wa kuingilia shule ya kibinafsi." Mtoto mwenyewe ana miaka 5 au 6. Zamani baba alinunua kitabu. Siku hizi anatafuta simu kubwa, ananunua bando, analipia programu ya mazoezi, na mtoto anakesha akibonyeza majibu. Pesa zatoka wapi? Ni mkopo wa simu au wa Sacco, na karo yenyewe haijalipwa bado.

Hatuwalaumu wazazi. Kila mzazi humtakia mtoto wake mema, na madarasa mengi ya shule za Serikali yamejaa pomoni. Lakini na tuulize, mtihani huu wapima nini? Mtoto mdogo anaambiwa asome Kiingereza, ahesabu, ataje rangi na maumbo. Hayo ndiyo mambo ambayo shule inalipwa ili imfundishe! Akiwa anayajua tayari, ni kwa sababu kwao yuko mtu mwenye nafasi ya kumfundisha, na intaneti haikatiki. Asiyejua anarudishwa nyumbani, kisha shule inajisifu ati wanafunzi wake ni hodari. Kuvuna shamba lililolimwa na mwingine kuna uhodari gani?

Sheria yenyewe yajua ubaya wa jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumwingiza shule, ila kama ni kumpima ili awekwe katika darasa linalomfaa. Katazo hilo haliigusi shule ya kibinafsi. Basi jambo lililo kosa upande huu wa barabara ni biashara upande wa pili.

Wauzaji wa programu husema kwamba chombo chao kinaleta usawa. Chombo si kibaya. Masomo ya Khan Academy ni ya bure, na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala (KICD) imeweka masomo mtandaoni. Lakini tuliona wenyewe shule zilipofungwa Machi 2020. Masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na intaneti, na mtoto ambaye kwao kuna simu moja tu, nayo imekwenda kazini na baba, alibaki nyuma. Somo la bure lamfaa nini mtu asiye na bando?

Tena tusisahau. Mwaka 2013 Jubilee walituahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Vishikwambi vikaanza kufika shuleni mwaka 2016, navyo ni mali ya umma, vilinunuliwa kwa kodi zetu. Mwenye mtoto katika shule ya Serikali aende akamuulize mwalimu mkuu viko wapi, na watoto huvitumia siku gani.

Kwa hivyo twasema hivi:

1. Mwanachama asikope pesa kwa ajili ya programu ya mtihani. Masomo ya bure yapo.

2. Kila tawi lenye ofisi na intaneti lifungue mlango Jumamosi, watoto wetu wasome pamoja, wakisimamiwa na mwanachama anayejua kazi hiyo.

3. Chama kidai Bungeni kwamba katazo la mwaka 2013 lizifikie shule zote, za umma na za kibinafsi, kwa watoto wanaoanza masomo.

4. Wafanyakazi wagombee viti vya wazazi katika bodi za shule za Serikali, wadai walimu na madarasa ya kutosha. Shule hizo ni zetu. Tukizikimbia, nani atazitengeneza?

Mzazi mmoja akisimama langoni na bahasha mkononi ni mwombaji tu, na mwombaji huambiwa angoje. Tukienda sote, wenye shule watatusikiliza, na Serikali pia itatusikiliza.

Umoja ni nguvu!