Gari la juu la mtumba: Hasara huanzia kwenye oili na maji ya rejeta

DESEMBA inapokaribia, familia nyingi za Dar es Salaam huanza kupanga safari ya Moshi, Arusha, Iringa au Mbeya. Watoto, bibi, mabegi na magunia ya mchele hupakiwa ndani ya gari moja, aghalabu lile ambalo wakazi wa mijini huliita "gari la juu": Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Harrier au Subaru Forester.

Safari hizo ndizo zinazofichua hali halisi ya gari. Katika mlima wa Kitonga, barabara ya Iringa, si ajabu kukuta gari la familia limeegeshwa pembeni, boneti limefunguliwa, mvuke unafuka na abiria wamekaa kwenye majani wakisubiri msaada. Gari lililokwenda vyema mwaka mzima kati ya Tegeta na Posta hushindwa kwa nusu saa ya mwinuko.

Magari hayo, kwa sehemu kubwa, hutoka Japan yakiwa yamekwisha tumika. Huko gari jipya hukaguliwa linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huwafanya wamiliki wengi waliuze mapema. Kwa kuwa Japan nayo huendesha upande wa kushoto, usukani hauhitaji kuhamishwa.

Kila nchi ya Afrika Mashariki imelipokea wimbi hilo kwa namna yake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Ushuru huo ndio unaotawala hesabu za mnunuzi. Akiba ya miaka kadhaa, mkopo wa SACCOS au mafao ya kustaafu, vyote huishia bandarini. Gari linapofungwa namba za usajili, mfukoni hakuna tena kitu, na matengenezo ya awali yanasubiri "mwezi ujao" ambao haufiki mpaka gari lizime.

Mfano ulio wazi zaidi ni X-Trail ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Nyingi kati ya zile za petroli zina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kupandana kama otomatiki ya zamani. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, na kinachouwezesha mkanda huo kushika bila kujikwaruza ni oili yake maalumu.

Kwa toleo hilo Nissan ilitaja oili iitwayo NS-2. Oili ya kawaida ya otomatiki haiwezi kuchukua nafasi yake, hata kama rangi inafanana na bei inavutia. Ikimiminwa humo, mkanda huanza kuteleza, chuma husagana na chuma, na vumbi la chuma hilo husambaa hadi kwenye vali ndogo zinazoongoza mgandamizo.

Dalili huja polepole. Gari hutetemeka linapoondoka kwenye taa, hutoa mlio kama wa nyuki, au injini hupiga kelele bila mwendo kuongezeka. Oili ikipata joto kali, kompyuta hupunguza nguvu ili kuinusuru giaboksi, na dereva hubaki katikati ya mlima akikanyaga mafuta bila majibu huku lori likiwa nyuma yake.

Tatizo hilo halikuzuka Afrika. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT kwa magari yake ya hadi toleo la mwaka 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000, sawa na kilomita 193,000 hivi. Miongoni mwake lilikuwamo Rogue, ambalo ni ndugu wa X-Trail kwa mitambo. Mnunuzi wa Dar es Salaam aliyepata gari lake kupitia mnada wa Japan hana wa kumdai.

Hata hivyo, kuitupia lawama CVT peke yake ni kukwepa nusu ya ukweli. Adui wa pili amezoeleka mno kiasi kwamba huonekana rafiki: kuondoa themostati.

Mafundi wengi wameshika imani kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, na gari likichemsha mara moja tu hung'olewa na kutupwa. Kazi yake hasa ni kuzuia maji yasizunguke hadi yafikie joto linalotakiwa, takriban nyuzi 82 kwa injini nyingi za namna hii, kisha kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Bila themostati injini hutembea ikiwa baridi, kompyuta humimina petroli zaidi, na sababu halisi ya kuchemsha, iwe ni rejeta iliyoziba, feni mbovu au pampu ya maji iliyochoka, hubaki palepale ikingoja mlima.

Kisha rejeta hujazwa maji ya bomba badala ya kulanti. Kulanti huzuia kutu, na injini za sasa zina silinda hedi za alumini ambazo huliwa upesi na maji yenye chumvi, hasa ya visima vya Pwani.

Kwa baadhi ya RAV4 na Harrier za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, hali ni nyeti zaidi. Nyuzi za boliti za silinda hedi katika bloku hufahamika kwa kukatika, maji yakavuja upande wa nyuma ambako jicho halifiki. Mwenye gari huona tu kwamba anaongeza maji kila Jumapili. Kwa Forester za kizazi kile, mkanda wa taimingi uliopitiliza kilomita 100,000 bila kubadilishwa unaweza kukatika na kugonganisha vali na pistoni.

Bushi, shokapu na boli jointi nazo huisha upesi kwenye barabara za vumbi, lakini hizo hupiga kelele zenyewe na bei yake inabebeka.

Mafundi wenyewe hawastahili kubebeshwa mzigo wote. Wengi walijifunza chini ya mti, kwa kushika spana za wakubwa wao, enzi za Corolla zisizo na kompyuta. Nao trafiki wanapokagua magari huangalia breki, taa na matairi, si rangi ya oili ya giaboksi.

Giaboksi ikifa, mmiliki huelekezwa Gerezani, Kariakoo, kutafuta nyingine ya mtumba. Hiyo nayo imetoka kwenye gari lililokatwa Japan au lililopitia Dubai, na hakuna anayejua mara ya mwisho ilibadilishwa oili lini.